Nilimwandika Kuwa Wetu

Enzi za vita vya zamani vya Msumbiji, mama yangu aliwapikia wakimbizi uji kwenye uwanja wa parokia. Kwa hiyo mwanamke mmoja aliyevuka mto Ruvuma akikimbia vita vipya alipofika kwetu Msamala na kifurushi cha kanga mbili tu, nilijiona nina ujuzi wa kurithi. Nilikuwa katibu wa jumuiya ndogondogo ya kanisa, na wanajumuiya walizoea kusubiri kalamu yangu.

Parokia ilikuwa na madaftari mawili ya msaada. Aliyeandikwa kwenye la wageni alisubiri mihuri hata wiki tatu. Aliyeandikwa kwenye la wanajumuiya alipata unga siku hiyohiyo. Nikamwandika mwanajumuiya, mzaliwa wa Msamala.

"Dada, umenipa kwetu," aliniambia. Nisidanganye, nilijiona mtakatifu.

Alikuwa amepotezana na binti yake wakati wa kuvuka mto, mtoto wa miaka sita mwenye kovu la moto kiwikoni. Kila Jumamosi alfajiri tulimwombea kwenye jumuiya, na sala niliiongoza mimi.

Baadaye parokia ikapeleka daftari la wageni kwenye kambi ya wakimbizi, ili majina ya wazazi yalinganishwe na ya watoto waliookotwa peke yao. Mimi siku hizo nilikuwa nahangaika na mchango wa mabati ya kanisa letu la kigango. Daftari lilipokwisha kurudi ndipo nikakumbuka kwamba jina lake halikuwemo, nikakimbilia kwa padri. Akapiga simu kambini.

Mtoto mwenye kovu alikuwepo kweli. Hakutokea mzazi wa kumtafuta, akarudishwa ng'ambo pamoja na kundi la waliotaka kurudi. Kijiji walichopelekwa kilikuwa kimeshachomwa, na hakuna ajuaye waliokikimbia walielekea wapi.

"Mwanangu, kwa nini hukumwandika mgeni?" padri aliniuliza.

Nilikwenda kumwambia mama wa mtoto, nyumbani kwake. Nilitamani anitukane. Akasema taratibu, "Basi nifute huko, dada. Niandike mgeni."

Nikamfuta. Nikamwandika kwenye daftari la wageni, nikijua kwamba halipelekwi tena popote.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye sala kama kawaida. Nilimsogezea mkeka, akakataa. Aliketi mlangoni kama mgeni, na kifurushi chake mapajani, akisubiri kuitwa.