Teke la Bunduki ya Nyati

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa duka la silaha katikati ya Nairobi alinipa bunduki ya kuwindia nyati niishike. Nilikuwa nimetoka Kakamega na elimu ya darasa la saba, ndoto zikinizidi kimo. Mitutu miwili sambamba, kitako cha mbao kilichong'aa! Nikaipenda papo hapo.

"Nzuri, eh?" akauliza. "Ngoja ikupige teke."

Teke ni ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma risasi inapotoka. Tuliifanyia majaribio kwenye machimbo ya mawe huko Dagoretti. Nilifyatua, nikajikuta nimekaa chini.

Fundi mkuu alicheka hadi akavua miwani. "Wewe! Umeishika kama kuku wa Krismasi! Ivute kabisa begani. Ukiiachia nafasi, hiyo nafasi ndiyo itakuumiza."

Miaka ilipita, nami nikawa fundi wa majaribio. Siku moja meneja alinikabidhi daktari mmoja wa mtaa wa Spring Valley, aliyekuwa amenunua bunduki kubwa kuliko zote na kesho yake angekwenda kuwinda nyati.

"Sifia bunduki," meneja alininong'oneza. "Mteja usimkosoe."

Kule machimboni, daktari alipiga risasi tatu. Zote zilichimba udongo chini ya shabaha.

"Bunduki yenu imepinda," akasema.

Mimi nilikuwa nimeona macho yake. Nikaichukua, nikatia ganda tupu la risasi bila kumwambia. Akafyatua: ka! Bunduki haikulia, lakini yeye alishtuka, akafumba macho, na mtutu ukainama.

"Kwa hivyo mimi ni mwoga?"

"La, Daktari. Bega lako linaogopa teke kabla halijafika. Lakini nyati hatakungoja ufumbue macho."

Nilijua kazi yangu inaweza kuishia pale. Nikampa nyingine, ya teke la wastani lakini inayomtosha nyati. Alipiga tano, nne zikagonga shabaha. Akabadilisha bunduki.

Meneja alifura. "Umemshusha mteja wangu hadi bunduki ya bei ndogo!"

"Mwache," fundi mkuu akamjibu. "Mtu aliyekanyagwa na nyati hanunui risasi."

Wiki mbili nilingoja habari zake. Kisha daktari akaingia dukani kwa miguu yake.

"Nyati alinijia moja kwa moja," akasema. "Nilimwona mpaka akaanguka."

Akataka kunipa pembe zake huyo nyati. Nilikataa, maana nyati nilimwonea huruma. Uwindaji ulipopigwa marufuku sikulia, nilihamia useremala hadi kustaafu. Lakini mkono wa daktari niliushika siku ile mpaka wateja wengine wakaanza kututazama.