Mkono Walioandika Kwamba Si wa Kazi

Karani wa kinu cha mise kule Mwandiga alipenda mhuri kuliko watoto wake. Naandika hivi kwa sababu niliona. Watoto wakija mchana kumsalimia anawaambia subirini nje, halafu anachukua mhuri, anaupulizia pumzi, anaugonga. Barua ikiingia, IMEPOKELEWA na tarehe. Barua ikitoka, IMETOKA na tarehe. Hata karatasi yangu ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani aliigonga mara mbili. Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi simcheki. Ule ugonjwa wake wa mihuri naushukuru, yeye mwenyewe simsamehe.

Majina yao wote ninayo: tajiri mwenye kinu, karani, na daktari aliyenipima. Nimeonywa nisiyaandike, nisije nikashtakiwa mimi. Haya. Lakini ukishuka Mwandiga ukauliza kinu chenye geti la bluu, hata anayeuza karanga atakuonyesha kwa kidole, na karani utamjua kwa wino wa vidole vyake.

Mise ni kokwa la ndani ya chikichi. Linavunjwa kwa mashine, kisha linakamuliwa mafuta ya kutengenezea sabuni. Mimi nililisha mashine ya kuvunja miaka saba. Nilipangwa upande wa mkanda kwa sababu mimi ni mashoto, na upande ule mtu wa kulia hafiki vizuri. Basi kinu kizima kikaniita Mashoto. Sikukasirika. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na kasi kuliko mikono miwili ya mwanamume.

Ule mkanda ulikuwa na kifuniko cha bati. Tajiri akakitoa, akasema kinachelewesha kazi kila mkanda unaporuka. Nilimwambia mara mbili mbele ya watu, "Bosi, lile bati lirudi." Akanijibu, "Mama, wewe lisha mashine. Bati niachie mimi."

Nikamwachia. Wiki ya tatu mkanda ukakamata mkono wa gauni langu, na gauni halikuchanika upesi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nilipoamka hospitali, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeishia juu kidogo ya kifundo.

Fidia ya ulemavu haitolewi mpaka daktari apime umepoteza kiasi gani. Aliyenipima alikuwa kijana mpole, tena msafi, ila macho yake yalikuwa kwenye fomu tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Aliniuliza, "Mama, unakula kwa mkono gani?"

Mimi nimezaliwa Ujiji. Nimelelewa na mama aliyekuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila chakula kikitengwa, ili nisije nikaaibisha nyumba. Leo mtu mgeni, tena daktari, ananiuliza nakula kwa mkono gani, mimi nimjibu kushoto? Nikasema, "Kulia, daktari."

"Na kuandika?"

"Kulia." Na hilo lilikuwa kweli. Mwalimu wa darasa la kwanza alinipiga rula kwenye vifundo mpaka kalamu ikahama.

Akaweka tiki. Hakuniuliza namenya mihogo kwa mkono gani, wala jembe nalishika vipi, wala sindano, wala panga. Nikatoka nimeridhika kwamba nimemjibu mkubwa kwa adabu.

Baada ya hapo ikabaki kusubiri barua. Sisi wa Buzebazeba barua haitufikii mlangoni. Fomu inataka sanduku la posta, na asiye na sanduku anaazima la shule, la msikiti, au la kazini kwake. Karani ndiye aliyenijazia fomu. Akaandika sanduku la kinu, nami nikamshukuru. Nikikumbuka ile asante yangu natamani kuitema.

Kila Jumatatu nilikuwa nakwenda Mwandiga kuuliza.

"Shemeji, barua yangu?" Nilimwita shemeji kwa sababu mkewe ni mtu wa kwetu.

"Bado, Mashoto. Serikali haina haraka. Kwani una safari?"

Wenzangu wanacheka kidogo, kwa aibu, nami nacheka, narudi nyumbani. Masika yakapita. Mihogo nikamenyewa na jirani. Mama yangu, mzee yule, akarudi kunifunga kanga mgongoni kama mtoto. Jumatatu moja nikafika, karani akavuta droo bila hata kutafuta, akatoa bahasha imefunguliwa.

"Ilijificha kwenye mafaili," alisema. Kisha, kwa sababu ni yeye, akaitandaza barua mezani, akapulizia mhuri, akagonga. Akanisainisha daftari, akanipa.

Nilishuka mtaa wa Mwanga moja kwa moja, kwa dada mmoja mwenye stesheneri karibu na soko, kwa sababu kusoma najua lakini barua za serikali zinanishinda. Akasoma kimya. Akasoma tena.

"Mama yangu, wamesema mkono ulioumia siyo mkono wako wa kazi. Ndiyo maana wamekupa kiwango cha chini."

"Siyo wa kazi?"

"Ndivyo walivyoandika. Na kama hukubali ulikuwa na siku tisini za kupinga." Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kidole kikarudi nyuma, kikaenda mbele. "Zimeisha. Zimeisha kitambo."

Nilikaa kwenye kile kibenchi cha wateja. Mtu aliyekuja kutoa kopi ya cheti aliniruka miguu. Nilikuwa naona kitu kimoja tu, ile droo, jinsi alivyoivuta bila kutafuta.

Yule dada ndiye aliyeona. Aliigeuzageuza karatasi mwangani, akaanza kucheka peke yake. "Hebu tazama. Nani kagonga hii mihuri?"

Juu ilikuwa IMEPOKELEWA. Chini yake IMETOKA, wino bado unang'aa. Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili zilikaa siku zangu tisini zote, na nyingine kumi na sita juu yake.

"Mama, huyu mtu kajifunga kamba mwenyewe," alisema. "Akakupa na ncha uishike."

Akanichapia barua mbili. Moja ya kupinga uamuzi. Nyingine ya kuomba nisikilizwe ingawa nimechelewa, na sababu ya kuchelewa ni hiyo mihuri. Nikazipeleka mwenyewe ofisi ya fidia, kule mjini. Mpokeaji wa pale akaona tarehe, akanirudishia. "Mama, umechelewa. Mlango umefungwa." Nikamwambia barua ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini nimechelewa, aisome. Akasema hana muda. Nikakaa. Nikala muhogo wangu pale pale mbele yake, kwa mkono mmoja. Jioni wakitaka kufunga ofisi akazipokea.

Tajiri alipoulizwa na ofisi alijibu kwa maandishi kwamba nilikabidhiwa barua siku ile ile ilipofika, na kwamba mimi ni mtu wa kusahau. Kusahau! Nakumbuka hata rangi ya shati lake siku alipotoa lile bati.

Tukaitwa siku moja wote. Tajiri hakuja, alimtuma karani. Mimi nilikwenda na mama yangu. Tulikuwa kwenye benchi la korido, na afisa wa kutusikiliza, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa anafungua mlango wake, mafaili kwapani. Karani akapanda ngazi, akaniona, akasahau alipo.

"He! Mashoto! Umepanda mpaka huku?"

"Marahaba," nilimjibu, ingawa hakuwa ameniamkia. Mama akaguna. Afisa akatutazama, akaingia.

Ndani, afisa aliiweka barua yangu mbele yake. "Mhuri huu ni wenu?"

"Ni wetu, mheshimiwa."

"Na huu wa pili?"

Akatazama. Nilimwona anasoma tarehe zake mwenyewe, midomo inacheza. "Ni wetu."

"Sasa mwajiri wako anaandika huyu mama alipewa siku ile ile. Nimwamini yeye au mhuri?"

Akaficha vidole vyake vya wino chini ya meza. Ilinipendeza. Sitajificha, ilinipendeza kuliko chakula.

"Na mkono," afisa akaendelea. "Fomu yenu haisemi anafanya kazi kwa mkono upi. Hamkujua?"

"Hatukujua, mheshimiwa. Kiwandani watu ni wengi."

"Hapo nje umemwitaje?"

Nje bajaji ikapiga honi, ikapita.

"Umemwita Mashoto," afisa alisema. "Nimesikia mwenyewe."

Hapo mama yangu akasimama bila kuambiwa. Kiswahili chake kina Kiha kingi, kwa hiyo alisema polepole. "Huyu mwanangu, daktari alimuuliza anakula kwa mkono gani. Akasema kulia. Huo uongo nimemfundisha mimi. Nilimfunga mkono mpaka alipoota meno ya pili. Nikigeuka anakula kwa kushoto. Nilikuwa namwona, nanyamaza. Andika kwamba ni mimi."

Sikuwa nimemwomba aseme vile. Miaka yote hakuwahi kulitamka neno lile, wala mimi sikuwahi kumdai alitamke. Nilimvuta kanga akae, na sikumtazama usoni mpaka tulipofika Buzebazeba.

Afisa akaandika kwamba kuchelewa hakukuwa kwangu, pingamizi langu lipokelewe, nikapimwe upya. Tulipotoka, karani alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Shemeji, usiniharibie. Niliambiwa. Tajiri alisema iache kwanza kwenye droo, huyu akipinga watakuja kukagua mashine."

"Na wewe ukaiacha."

"Nina watoto, shemeji."

"Nimewaona. Wanasubirigi nje."

Safari hii alinipima daktari mwingine. Aliponiuliza nakula kwa mkono gani, nilimjibu, "Mbele yako kulia. Peke yangu kushoto. Kazi zote kushoto." Akanipa kisu na kiazi nijaribu kumenya kwa mkono uliobaki. Nikajikata. Akaandika.

Barua ya mwisho haikupitia Mwandiga. Niliifuata ofisini mwenyewe. Uamuzi wa kwanza ulifutwa, mkono wangu ukaandikwa kwamba ndio uliokuwa wa kazi, na kiwango kikapanda. Mkono haukurudi. Watu wa kwetu wakaniambia sasa mshukuru Mungu, uwaachie. Mungu nilimshukuru. Wale sikuwaachia.

Nilitoa kopi ya barua hiyo, nikaongeza karatasi yangu niliyoiandika kwa mwandiko wangu mbaya, maneno machache: bati la mkanda halijarudi, na barua kama hii imekwenda kwa wakaguzi. Jumatatu, siku yangu ile ile, nikaenda kwenye geti la bluu. Mkanda ulikuwa unazunguka wazi. Msichana mgeni alikuwa amesimama mahali pangu.

Karani alikuwa mezani. Ndani, nyuma ya pazia, nilisikia tajiri anaongea na simu. Karatasi nilizibana kwa kigutu, kifuani. Nikazisogeza mbele yake kwa kigutu hicho hicho, upande wa kushoto, kama mtu asiyefunzwa adabu na mama yake.

Akasoma ya juu, akatupa jicho kwenye pazia.

"Shemeji, hizi nimpe tu mwenyewe."

"Gonga kwanza," nilimwambia.

Akachukua mhuri. Hakuupulizia. Akagonga, ukatoka umefifia.

"Tarehe haisomeki. Rudia."

Kule ndani simu ilikuwa imenyamaza. Karani akafungua kidau cha wino, akachovya, akagonga tena kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Nikatoa kopi ya pili, nikamwambia na hii, hii nakaa nayo mimi.