Mkwe Wangu wa Chumba cha Giza

Mkwe wangu Hiza nimemwona uso wake mzima mara chache mno, na hata hizo chache hazikuwa kwa kukusudia. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniuliza ana pua ya namna gani. Sisi Wazigua wa Kwamsisi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Vijana wa siku hizi wanacheka, wanasema hayo ni ya zamani. Wacheke. Mimi mkwe wangu anaacha njia.

Kalamu niliishika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na herufi zangu ni kubwa kama maboga. Lakini habari ya mtu huyu naiandika mwenyewe, maana nimesikia inavyosimuliwa kisimani, na inasimuliwa vibaya.

Hiza ni Msambaa wa Dindira, kule mlimani kwenye chai. Mama yake alichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi visitakate tena. Yeye alikua miongoni mwa ile michai, na aliyekua huko hujifunza kuligeuza jani atazame chini yake, maana wadudu hukaa chini. Faudhia, binti yangu aliyemwoa, anasema mpaka leo ukimpa mumewe fungu la mchicha huligeuza kwanza. Akasoma, akasomea kazi ya maabara, akaletwa kwenye kituo cha afya cha huku kwetu tambarare.

Faudhia wakati huo alikuwa akiuza machungwa Segera, pale njia panda mabasi yanaposimama. Hiza akawa ananunua. Akanunua tena. Mtu asiye na mke wala mtoto hali machungwa ya gunia zima, hata awe na njaa ya namna gani. Mimi nikajua, nikanyamaza, nikangoja waje.

Wakaja. Nilikaa nyuma ya mlango kama desturi, na shemeji yangu Mhina akawapokea barazani. Nikauliza kutoka ndani, "Huyo kijana anafanya kazi gani?"

Mshenga akasafisha koo. "Anatazama makohozi ya watu."

Mhina akasema, "Analipwa kwa kutazama makohozi?"

"Analipwa na serikali, mzee."

"Basi serikali hiyo haina shida ndogo ndogo."

Watu wakacheka mpaka barazani kukawa kama ngomani. Mimi nikakataa. Nikasema binti yangu hataolewa na mtu wa makohozi, na nikishasema jambo mimi nimelisema. Nikakaa na neno langu misimu miwili ya mahindi. Faudhia alinuna mpaka chakula chake kikawa hakina chumvi.

Kilichonigeuza ni tope. Ilikuwa masika, natoka shamba na mzigo wa kuni kichwani, na mbele yangu pikipiki inakuja. Mwenye pikipiki akanitambua. Hakupiga honi, hakusimama kunisalimia kwa mdomo mpana. Aliiingiza pikipiki yake moja kwa moja kwenye majani, ikalala, naye akasimama humo tope mpaka magotini, shati jeupe, amenipa mgongo mpaka nimepita na kuni zangu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Mhina, "Waambie waje. Mtu anayejua kuacha njia atajua kutunza mke."

Basi wakaoana, wakakaa jirani na kituo, wakazaa. Mtoto wao wa mwisho, Husna, alipoachishwa ziwa aliletwa kwangu Kwamsisi, maana mtoto akiachishwa hupelekwa kwa bibi amsahau mama. Huyo alimsahau mama siku hiyo hiyo. Alilala mgongoni mwangu mchana, na kifuani mwangu usiku. Niliwaambia wazi, "Huyu hamnipokonyi."

Ndipo nikaanza kukohoa.

Nikasema ni vumbi la kupura mahindi. Mahindi yakaisha, kikohozi hakikuisha. Nguo zikaanza kunipwaya. Usiku natoka jasho, shuka linalowa, na Husna amenishikilia kama kupe. Faudhia akaja kutuangalia, akasikia nikikohoa, akakaa chini bila kuambiwa.

"Mama, twende ukapimwe."

"Nipimwe na nani?"

Akatazama pembeni. "Anayepima makohozi pale ni Baba Husna. Hakuna mwingine."

"Unataka nimtemee mkwe wangu makohozi?"

"Humtemei yeye, Mama. Unatema kwenye kikopo."

"Na kikopo anakifunua nani?"

Alikuwa na neno moja jingine, akalisema polepole. "Husna anapumua pumzi yako, Mama."

Nililala na neno hilo, likanichoma zaidi ya kikohozi. Asubuhi nikakubali. Faudhia aliniachia kikopo chenye mfuniko, akanieleza nitoe kilichoko kifuani. Mimi nikafanya kama mtu mwenye adabu zake. Nikapiga mswaki wa mti, nikasukutua mara nyingi, nikatema mate meupe, safi, yasiyo na aibu yoyote. Nikafunga kikopo. Kisha nikakifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, chenye maua mekundu, maana kinachokwenda kwa mkwe hakiendi wazi. Nikapanda bodaboda nacho mapajani, Husna mgongoni, kama mtu anayepeleka wali wa sikukuu.

Pale kituoni nilikaa kwenye benchi la nje, mbali na mlango, nimejifunika khanga. Hiza alikuwa ndani ya maabara. Faudhia akampelekea kikopo, akarudi kusimama mlangoni katikati yetu. Tulisikiana vizuri sana, lakini hiyo si ruhusa ya kusemezana.

"Mwambie Mama shikamoo," ikasema sauti ya ndani.

"Mama, shikamoo yako hii."

"Mwambie marahaba."

Nikasikia vioo vikigongana. Kisha ile sauti, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe: "Mwambie Mama alicholeta ni kizuri. Ni kisafi sana. Ila sisi hapa tunaomba kile kisicho kisafi."

Nikamwambia Faudhia, "Muulize mkwe wangu, mimi nimlelee mtoto, halafu nimpelekee uchafu?"

"Mwambie Mama, uchafu huo ndio kazi yangu. Haya ni mate. Nikiyapima yatasema Mama mzima, na mimi nitakuwa nimemdanganya mama wa mke wangu."

Faudhia akacheka. Mimi sikucheka. Khanga yangu ilitikisika kidogo, lakini hicho kilikuwa kikohozi.

Nilikuwa tayari kuondoka. Kitambaa changu nimeshakikunja. Ndipo Husna, mgongoni, akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili. Nikasimama pale pale. Nikamshusha mgongoni nikampa mama yake, nikasema, "Kikopo."

Nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye upepo, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikalia, nikakohoa kutoka chini kabisa, kule mtu asikopenda kufika. Nikatoa kilichokuwemo. Kizito, kibaya. Safari hii sikukifunika kwa kitambaa.

Majibu yalipotoka yalikuja kwa njia ile ile ya mlango. Kifua kikuu. Dawa miezi sita. Na Husna abaki kwa mama yake mpaka niambiwe nimekuwa salama.

Hapo nikawa mimi. Nikasema, kwa sauti ya kufika ndani bila kuhitaji mjumbe, "Dawa za miezi sita sizimezi kwa maneno ya mlangoni. Na mtoto simwachi kwa kitu nisichokiona. Anionyeshe."

"Mama, kinaonekana kwa darubini," akasema Faudhia, "na darubini iko kwenye chumba cha giza. Utaingiaje chumba cha giza na mkweo?"

Hata mimi nikaona ubaya wake. Ndipo ile sauti ya ndani ikasema, "Mwambie Mama, mule ndani hatuonani. Mule hakuna wa kuacha njia, maana hakuna njia. Na wewe utakaa katikati."

Nililipima neno hilo, nikaliona limenyooka. Nikaingia.

Ni chumba kidogo kama ghala la mbegu. Dirisha limezibwa kwa pazia jeusi. Wakavaa barakoa, nami nikavalishwa yangu. Mlango ukafungwa, nikawa kwenye weusi mtupu, mkono wa Faudhia mkononi mwangu. Lakini pazia lile lilikuwa na upenyo, mwanga mwembamba ukaanguka sakafuni, na ndani ya ule mwanga nikaona kiatu. Cha mkwe wangu. Nikageuza uso ukutani.

"Zibeni hapo!"

Kiatu kikarudi gizani haraka sana.

Nikainama kwenye darubini, Faudhia akinielekeza jicho. Nikaona nyeusi, nyeusi tu. Kisha ikaja. Vijiti vidogo, vimepinda kidogo, rangi ya manjano inayokaribia kijani, vinawaka kama vimulimuli juu ya shamba lililolimwa baada ya mvua. Kimoja hapa, viwili pale, kingine kimejitenga.

"Ni vyangu hivi?"

Na hapo Hiza akaniambia mwenyewe. Miaka yote ile ya ukwe, ndiyo mara yake ya kwanza. "Ni vyako, Mama."

Sikuona vibaya. Gizani sauti haina uso.

"Kwa nini vinawaka?"

"Mdudu huyu ana ngozi yenye nta, Mama. Kioo chenye makohozi tunakipaka chote rangi, kila kitu kinaishika. Kisha tunaosha kwa tindikali. Vingine vyote vinaiachia, yeye na nta yake haachii. Tukimmulika kwa mwanga wa buluu, ile rangi aliyoing'ang'ania ndiyo inayowaka. Mwanga wa nje ukiingia, hatumwoni vizuri. Na kioo kikikaa juani rangi inapauka."

Hilo nililielewa. Mimi nimesuka mikeka maisha yangu yote. Ukindu ukiuchemsha na rangi ukashika, ufue utakavyofua hauachi, lakini uuanike juani kila siku, unapauka wenyewe.

"Kwa hiyo ukaidi wake ndio unaomfichua," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Ukaidi wake."

Faudhia akanifinya mkono, nami nikajua wote wawili hawamfikirii mdudu.

"Na dawa inamweza?"

"Inamweza. Lakini ni mkaidi, kwa hiyo inataka mtu mkaidi zaidi yake. Usiruke hata siku moja."

"Mtu huyo umempata," nikasema, nikatoka.

Husna alipimwa na daktari, wakakuta ni mafua, wakampa dawa ya kinga ya kifua kikuu. Alibaki kwa mama yake. Mimi nikarudi Kwamsisi mgongo mtupu, na mgongo mtupu ni mzito, asikudanganye mtu. Mwanaidi, jirani yangu, akaniona napita bila mtoto, akauliza kwa sauti ya kisima kizima kusikia, "Mtoto wamekunyang'anya?"

"Nimemwazimisha mama yake," nikamjibu. "Na wewe hicho kikohozi chako cha tangu mfungo, lini utampelekea mkwe wangu?"

Hakuuliza tena. Lakini wiki iliyofuata alipanda bodaboda, na hakubeba mate, maana nilimfundisha mwenyewe.

Dawa nilimeza. Zinageuza mkojo uwe mwekundu kama rangi ya ukindu, zinakata hamu ya chakula. Nilimeza. Ile miezi miwili ya kwanza ilipotimia nikaenda kupimwa tena, na kwenye kapu langu kulikuwa na kikopo, safari hii kilichojaa kilichostahili, na juu yake kaniki yangu nzito, nyeusi tii, niliyovaa kwenye ngoma za ujana wangu. Nikamwambia Faudhia aifunge dirishani kwenye chumba kile, juu ya pazia lao.

Tukaingia. Safari hii hapakuwa na kiatu wala uzi wa mwanga. Nikainama nikatazama. Nyeusi. Hiza akasogeza kioo, nyeusi tena. Akasogeza tena na tena, taratibu, naye haruki mahali, na kote shamba lilikuwa limelala bila kimulimuli hata kimoja.

"Sioni kitu," nikasema.

"Hata mimi sioni kitu, Mama." Nikasikia akizima darubini. "Nimeshampelekea daktari majibu, amesema sasa uko salama kukaa na mtoto. Mchukue Husna. Lakini dawa umalize."

Nilimaliza. Husna yuko mgongoni mwangu ninavyoandika haya, anavuta kalamu, ndiyo maana mstari huu umepinda.

Na kule kisimani wakisema kwamba mama mkwe fulani siku hizi anasemezana na mkwe wake, wanasema uongo nusu. Ndani ya kaniki yangu tunasemezana. Nje, wiki iliyopita, nilikutana na pikipiki yake njia ya shambani. Akaingia majanini mpaka magotini, akanipa mgongo, nami nikapita katikati ya njia, polepole, na mtoto wake mgongoni akimpungia mkono.