Mkaguzi Aliyetugawa Darasani

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka mabaya, tulitumiwa mkaguzi kutoka Lilongwe. Alikuja na gari linalong'aa, viatu vilivyochongoka, na jibu lake tayari mfukoni.

Shule yetu ya serikali iko pembeni ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Tulisoma pamoja watoto wa Bukavu, wa Burundi, na Wamalawi wa vijiji vya jirani, tumebanana watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mwalimu wa hesabu alikuwa amehamia shule ya kulipia huko Area 18, mtaa wa Lilongwe, na hakuletwa mwingine. Kipindi chake tulikitumia kusukana nywele.

Mkaguzi hakuuliza habari za hesabu. Alisema tatizo ni wakimbizi, lugha zetu nyingi zinawavuruga wenzetu. Akataka kuona tuko wangapi. Badala ya kutuuliza, alipita dawati kwa dawati akitusalimia kwa Kichewa, lugha ya Wamalawi, halafu anaelekeza kwa kalamu: wewe ukuta huu, wewe ukuta ule.

Mimi nilizaliwa kambini, Kichewa nimekua nacho. Nikamjibu vizuri, akafurahi kweli.

"Mnaona?" akamwambia mwalimu mkuu. "Mtoto wa hapa anajulikana tu."

Akanipeleka upande wa Wamalawi.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa kijiji cha jirani, ambaye mama yake aliuza nyanya katika soko la kambi. Mbele ya wakubwa ulimi wake ulikuwa mzito. Aliposita kujibu, kalamu ikamtuma kwa wakimbizi. Akiwa pale ukutani, akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili chetu cha kambini, wote wakisikia:

"Sasa mi njo mukimbizi? Nilikimbia nini?"

Darasa zima likacheka. Nikamwambia mkaguzi kwa Kichewa, "Bwana, mkimbizi ni mimi. Huyu kwao ni pale, hata paa lao linaonekana dirishani."

Aone haya? Wapi! Alisema hatuna nidhamu, na hiyo nayo inashusha matokeo. Mwalimu mkuu, mtu mzima na tai yake shingoni, akatikisa kichwa kukubali kama mjusi anayeota jua.

Muhula uliofuata tukagawanywa: Wamalawi asubuhi, wakimbizi mchana. Rafiki yangu alirudishwa asubuhi baada ya mama yake kuacha nyanya zake na kuja kugomba mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa hesabu hakuonekana asubuhi wala mchana. Jioni mimi na rafiki yangu tulifundishwa na mjomba wangu, aliyemaliza sekondari kule Bukavu. Tukapita mtihani. Wenzetu wengi, wa asubuhi na wa mchana, wakaanguka pamoja, bila ubaguzi wowote.

Sasa mdogo wangu yuko shule ileile. Juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi kwa niaba ya mama. Wakalalamika tena kuhusu matokeo, wakalaumu tena wakimbizi. Nikasimama nikauliza mwalimu wa hesabu yuko wapi.

"Zikomo, asante dada, swali zuri sana," akasema mwenyekiti, akafungua mjadala wa rangi ya geti jipya.

Wakabishana mpaka jua likazama. Wakachagua bluu.