Vita vya Mzee Kitwana Saluni kwa Shangazi

Harufu ya nywele zinazochomwa kwa chanuo la moto haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina ukali wa manyoya ya kuku yanayobabuliwa, na chini yake kuna utamu wa mafuta ya nazi yanayokaribia kuungua, na ukishinda nayo tangu asubuhi inaingia mpaka kwenye chai. Mwaka niliotimiza miaka kumi, hiyo ndiyo iliyokuwa hewa yangu. Ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme, na saluni ya shangazi Mwajabu, chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo, iliendeshwa kwa jenereta dogo lililonguruma uani. Jenereta lile liliweza feni, televisheni na deki. Draya ya kukaushia nywele ndiyo lililoshindwa kabisa kuiendesha. Basi shangazi akarudia ufundi wa zamani: jiko la mkaa karibu na mlango, machanuo mawili ya chuma juu yake, na wateja wamebanana kwenye benchi wakitazama filamu za Kibongo toka asubuhi hadi alasiri.

Mimi, Tatu, nilikuwa nimeletwa kutoka Morogoro, kwa maelezo kwamba shule za Dar ni bora. Baba yangu, kaka yake shangazi, alikuwa amefariki nikiwa na miaka sita, na mama aliolewa tena na mwanamume tuliyemwita Baba Hamza. Hayo shangazi aliyajua. Mengine sikumwambia, na yeye hakuwa mtu wa kumchimba mtoto. Alinipa kazi ya kuosha rola na kufagia nywele, akanipa godoro chumbani kwake, na nikaanza kunenepa.

Kipupwe hicho ilitoka filamu moja iliyowagawa wanawake wa mtaa mzima. Stelingi wake alikuwa kijana mmoja mrefu, mtanashati, anayevaa miwani ya jua hata akiwa sebuleni, na kina dada walipiga vigelegele kila alipotokea. Lakini baba wa kambo katika filamu hiyo aliigizwa na Mzee Kitwana. Huyu alikuwa mwigizaji wa siku nyingi, mfupi, mwenye mabega yaliyoshuka na uso ambao ungeweza kuupita sokoni usiukumbuke. Alikuwa ameigiza walinzi, walevi, waganga, wenye nyumba wakali. Mara nyingi alikufa kabla sehemu ya kwanza haijaisha. Jina lake kwenye jalada liliandikwa kwa herufi ndogo kuliko za mtu aliyeshona nguo. Shangazi aliamini kwamba huyo ndiye mwigizaji pekee tuliyenaye nchini, na hao wengine wanapiga picha tu.

Aliyempinga alikuwa Bi Nasra. Duka lake la kanga na vitenge lilikuwa ubavuni mwa saluni, na baraza lilikuwa moja. Familia yake ilitoka Uarabuni zamani za babu yake, naye alizaliwa hapo hapo Kariakoo, akijua matusi ya mtaa kuliko sisi sote. Yeye na shangazi walikuwa mashoga wa miaka mingi. Walikopeshana sukari, walisengenyana na kupatana, na kila Alhamisi Bi Nasra alikuja kunyooshwa nywele zake nzito za mawimbi bila kulipia, kwa kuwa shangazi naye hakununua kanga kwingine. Ni mimi niliyependa Alhamisi kuliko wote, kwa sababu alikuja na halua.

Ugomvi ulianzia kwenye kijiko. Katika filamu ile kuna mahali baba wa kambo anakula wali. Mtoto wa mkewe anadondosha kikombe jikoni. Mzee Kitwana hageuki wala hafoki. Anakiweka kijiko chini taratibu, pembeni mwa sahani, anakinyoosha kwa kidole kimoja ili kikae sawa, anajifuta mdomo, ndipo anainuka. Kilichofuata hakikuonyeshwa, ulisikika mlango tu. Kila ilipofika hapo, mimi nilikuwa na shughuli uani.

"Mwone!" shangazi alisema Alhamisi moja, chanuo likifuka mkononi. "Hajasema hata neno, na mimi nimeshaanza kuogopa. Huyo ndiye mwigizaji."

"Mwigizaji wa nini?" Bi Nasra akajibu, kichwa kimeinama. "Kuweka kijiko? Hata paka wangu angeweza. Mwenzake analia machozi mpaka shati linalowa, yeye analala usingizi. Mzee hana uso, hana sauti, wanampa nafasi kwa kumhurumia."

"Yale machozi ni ya kitunguu. Anasubiri kamera isogee ndipo alie."

"Afadhali huyo wa kitunguu. Huyo wako haigizi, ndivyo alivyo. Mkatili anaonekana. Mkewe sijui anaishije."

Wateja wakaingilia, huyu huku, yule kule. Dada mmoja wa Ilala alisema mzee ni bora ila anachosha. Mwingine akasema watu wa sura mbaya wasiwekwe kwenye filamu, kwa maana sura mbaya tunazo majumbani. Wakacheka. Shangazi hakucheka. Alisema Bi Nasra hajui kutazama. Anatazama filamu kama anavyotazama kitambaa, kama hakina maua basi si kitu. Na Bi Nasra, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia hajui kitambaa, akainua kichwa akasema: "Najua kwa nini unampenda. Kafanana na yule mwanamume aliyekuacha. Mpaka leo unamtafuta kwenye televisheni."

Tulisikia jenereta. Shangazi alilirudisha chanuo juu ya jiko, akafuta mikono, akasema kwa upole kuliko alivyowahi kusema jambo lolote, "Inuka, Nasra. Utoke kwangu." Nywele za Bi Nasra upande wa kulia zilikuwa zimenyooka na kung'aa, za kushoto zilisimama kama kichaka. Alitazama kwenye kioo, akavuta buibui lake, akatoka na nusu kichwa.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Bi Nasra alifagia taka za duka lake hadi upande wetu wa baraza. Shangazi alimwaga maji ya kuoshea nywele hadi upande wake, yakalowesha marobota. Bi Nasra alinunua jenereta lake na televisheni, akaiweka dukani, akacheza filamu za yule kijana kwa sauti ya juu. Shangazi akawa anarudia sehemu ya kijiko mara tatu kwa siku, makusudi, ili isikike kupitia ukutani jinsi isivyo na kelele. Wateja walilazimika kuchagua. Ukinunua kanga kule, huku husukwi. Watu wazima walikuwa wanachukiana kweli, kwa macho, kwa mate yaliyotemwa chini, na mimi niliyekuwa katikati nilikuwa na siri mbaya: nilikuwa upande wa Bi Nasra. Nilimchukia Mzee Kitwana kuliko alivyomchukia yeye. Nilikuwa nikiota kijiko kile.

Halafu Mzee Kitwana mwenyewe akaja. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji machafu yenye povu na nywele. Nikasikia watu wanazomea kuanzia upande wa sokoni. "Baba wa kambo! Muuaji wewe!" Muuza nyanya mmoja alisimama kabisa juu ya kreti ili amtukane vizuri. Mzee Kitwana alikuwa anapita katikati yao kwa miguu, amevaa suti ya kijivu, mfuko wa nailoni mkononi, akitembea kama mtu anayetembea mvuani bila mwavuli. Alikuwa mfupi kuliko kwenye televisheni. Bi Nasra alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni. Shangazi alitoka mbio, uso umejaa furaha, akasema, "Shikamoo mzee wangu! Karibu, karibu ndani."

Akageuka kuitikia. Nikammwagia ndoo nzima.

Bi Nasra alipiga kofi moja la furaha. Watu wakashangilia. Shangazi alinishika mkono, akanitikisa. "Tatu! Una wazimu? Mwombe radhi! Mwombe radhi sasa hivi!" Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye suti, nywele za wateja zimemnasa kifuani. Alinitazama. Hakuonyesha huruma wala hasira, ila alinitazama kwa makini mno, kama anayesoma.

"Mwache," alimwambia shangazi. Kisha akaniuliza, "Kwa nini?"

Sikutaka kusema. Lakini sauti ilitoka yenyewe, kubwa, mpaka mtaani. "Unaweka kijiko kama yeye!"

"Kama nani?"

"Baba Hamza. Anakinyoosha hivyo hivyo. Halafu anakuja."

Shangazi aliuachia mkono wangu. Waliokuwa wanashangilia waliacha mmoja mmoja. Mzee Kitwana alitoa leso, nayo ilikuwa imelowa, akaikamua, akairudisha mfukoni. "Kile kijiko," alisema, "nilikitoa kwa baba yangu." Shangazi alimletea taulo, mzee akalikataa. Alimwomba aingie walau akauke, naye mzee akasema anangojwa kazini. Wala hakunishika kichwa au kuniambia amenisamehe, na sijui kama alinisamehe. Aliondoka na maji yake.

Siku hiyo saluni ilifungwa kabla ya adhuhuri. Shangazi alinivua gauni akatazama mgongo wangu, makovu ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nimeyaficha kwa kuoga peke yangu. Alikaa sakafuni. Baadaye alimpigia mama simu, na nilimsikia akitukana matusi ambayo nilidhani ni Bi Nasra tu aliyekuwa nayo. Mama alilia. Alijua, alisema, ndiyo maana alinileta.

Baada ya wiki mbili Baba Hamza alikuja kunichukua. Alikuja mchana, amevaa vizuri, ana sauti ya chini, akisema mtoto anahitajika nyumbani, mama yake anaumwa. Shangazi alisimama mlangoni na chanuo la moto. Alimwambia haendi mtu. Baba Hamza alitabasamu, akaweka mguu kwenye kizingiti. Hapo Bi Nasra alitoka dukani kwake na nondo ya kufungia mlango, akaja mpaka kwenye mpaka wa baraza ambao hakuwa ameuvuka tangu Alhamisi ile, akauvuka. Alisimama ubavuni mwa shangazi bila kumtazama. "Ondoa mguu," alisema, "au nauvunja hapo hapo ulipo." Akaanza kuita mtaa kwa sauti ya muuza duka aliyezaliwa Kariakoo. Wapagazi walishusha mizigo. Baba Hamza aliondoa mguu, na sikumwona tena maishani. Bi Nasra aligeuka, akarudi dukani. Shangazi alisema, "Ahsante." Jioni televisheni yake ilinguruma kama kawaida, na hawakusalimiana hadi eneo lake liliponunuliwa, naye Bi Nasra akahamia kwa wanawe Upanga.

Nyumba ile haipo. Pana ghorofa la maduka ya vipuri vya simu, na ukisimama pale husikii jenereta wala mtu, unasikia spika. Shangazi ni mzee, anaishi nami, hatazami filamu tena kwa sababu ya macho. Mzee Kitwana alifariki miaka michache iliyopita, na kama ilivyo kawaida yetu, alipokwisha kuzikwa ndipo mashabiki walipofufuka. Nimo kwenye kundi moja la simu la wapenda filamu za zamani, watu mia kadhaa nisiowajua, na mwezi uliopita waligombana siku tatu juu yake. Kuna walioandika kwamba alidharauliwa na nchi nzima. Kuna waliosema aliyedharauliwa alistahili, mzee alikuwa gogo. Walitukanana mama na baba, wakafukuzana, wakarudishana. Enzi zile ukimtukana shabiki mwenzako ulitoka na nusu kichwa, na kesho yake ulilazimika kufagia baraza moja naye. Hawa hawadaiwi chochote. Lakini pia nilikumbuka kwamba katika saluni ile, miongoni mwa wanawake wote waliojua kubishana, hapakuwa na hata mmoja niliyeweza kumnong'oneza.

Nilikuwa sijawahi kuandika katika kundi lile. Usiku wa tatu niliandika. Nilieleza suti ya kijivu, ndoo, na nilichosema, bila kupunguza. Watu kumi na mmoja waliweka alama za kucheka. Mmoja akaniambia nitunge filamu. Wengine wakaendelea pale walipoishia. Kisha ukaingia ujumbe wa pembeni, kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Aliandika maneno mawili tu: "Hata mimi."

Anakaa Magomeni. Nimemwambia Jumamosi naenda.