Vipindi Viwili, Kuanzia Leo

Katika chama chetu cha mafundi cherehani, hapa Kinyinya, hatupigi kura kwa karatasi. Tunapanga mstari. Mwenye jambo lake anasimama mbele, uso ukutani, na wanaomuunga mkono wanajipanga nyuma yake. Kugeuka ni mwiko mpaka watu wahesabiwe. Mimi nimesimama mbele mara moja tu, na nikikumbuka siku ile hasira hunipanda upya.

Nilikuwa nimeleta sheria moja fupi: mwenyekiti asikae zaidi ya vipindi viwili. Mwenyekiti wetu alikuwapo tangu chama kilipoanza kwenye kibanda cha mabati. Ndiye aliyenifundisha kushona nilipofika kutoka Bujumbura, sijui hata kushika mkasi. Watu wakadhani nataka kumng'oa. Ukweli ni kwamba sheria ile aliitaka yeye mwenyewe.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Kila asubuhi alipita kwenye cherehani yangu, akanipa sindano na uzi, akasema kwa sauti ya chini, "Nitilie, mwanangu. Leo taa iko mbaya." Taa haikuwa na ubaya wowote. Siku moja alikata mikono ya mashati ya sare za shule, yote ya kushoto. Wenzangu walipokwenda kula, niliikusanya nikaificha, nikakata mingine, nikanyamaza. Nilifanya hivyo mara nyingi, na nilijiona mwema.

Mkewe alikuwa Masaka, kwenye kashamba kao ka migomba na maharage, anamngoja. "Nataka kuiona migomba yangu," aliniambia. "Sitaki kuipapasa."

Mara mbili alikuwa amejaribu kukataa kuchaguliwa, na mara mbili watu walisimama wakampigia makofi mpaka akakubali. Kwetu, ukipigiwa makofi na watu wazima halafu ukakataa, ni kama umewatemea mate. Kwa hiyo akaniomba nilete sheria itakayomkatalia, na akaniapisha nisiseme kwamba ilitoka kwake, wala nisitaje macho yake. Alisema fundi asiyeona, watu humwita maskini, hawamwiti tena fundi.

Basi nikawa mbaya wa chama. Jirani yangu, aliyekuwa akiazima mkasi wangu kila siku, akaona afadhali akate kwa wembe. Katibu wetu, mama mmoja ambaye hajawahi kumeza neno, alinijia mbele ya wote.

"Wewe, muzehe alikufundisha kazi, leo unamutoa? Shukrani ya punda ni mateke."

Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Akacheka. "Koleo yetu haijavunjika, mama. Muzehe iko anakata sare kila siku, na hakuna shati moja inarudi."

Mashati yale niliyakata mimi.

Siku ya mkutano niliomba tutumie karatasi, kila mtu aandike ndiyo au hapana. Katibu akauliza tangu lini tunafichana nyuso. Nikasimama, nikatazama ukuta. Mzee akashikwa mkono akapelekwa upande wa pili, awaongoze wanaokataa. Hakuna aliyemuuliza kama anakataa.

Nje, kwenye nyumba inayojengwa, mashine ya zege ilikuwa inaunguruma, sisikii nyayo za watu. Nikahisi pumzi ya mtu mmoja kisogoni. Baadaye nikasikia wa pili anakohoa. Kisha basi. Watu waliokuwa wakininong'oneza juma zima kwamba nina haki, wawili! Nilitamani kugeuka niwatukane.

Hapo mkono ukanigusa, ukapapasa shingo kwanza, ndipo ukapata bega. Niliujua bila kugeuka. Mzee alikuwa ameacha mstari wake, akawapita wale wawili, akasimama nyuma yangu. Mara nikasikia viatu, vingi, zege au si zege. Bendera hufuata upepo. Tuliporuhusiwa kugeuka, upande wa pili haukuwa na mtu hata mmoja. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atamtafutia pikipiki ya kumpeleka Masaka.

Katibu akaandika, akainua kalamu.

"Yego, sheria imepita. Vipindi viwili. Lakini sheria haihesabu ya jana, inaanza leo. Kwa hiyo muzehe hajakaa hata kimoja!"

Akaanza kumpigia Mzee makofi, kama zile mara mbili, na ukumbi mzima ukayapokea. Hawakuwa wanafiki. Wengine walikuwa wanalia kwa furaha, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka kesho: walimpenda kwelikweli, na katika kupenda huko hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini.

Ningeweza kusema. Kusema tu kwamba haoni kungetosha. Nilimtazama Mzee. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, mahali pasipo na mtu, akavua kofia kuwashukuru. Nikafunga mdomo. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa nalinda kiapo. Nadhani niliogopa tu yale makofi, kama alivyoyaogopa yeye.

Jumatatu asubuhi akapita kwenye cherehani yangu. Hakutaja migomba.

"Nitilie, mwanangu. Leo taa iko mbaya."

Alichonipa kilikuwa pini, isiyo na tundu. Nikaiweka kando, nikachukua sindano yangu, nikaitia uzi, nikampa.