Kichwa Kilichozidi Miezi

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, lakini wiki ile nilipitiliza. Soko huria lilikuwa limeleta mitumba na soda za kopo Sumbawanga, na sasa zahanati ya mtu binafsi karibu na stendi ilikuwa na mashine ya kupima mtoto tumboni. Mume wangu, mnunuzi wa mahindi Laela, akasema mimba yetu ya kwanza lazima ipimwe pale. Nikatoka nyumbani Kasense na mama mkwe.

"Mimba ya miezi mingapi?" daktari akauliza, foleni nzima inasikia.

"Mitano," mama mkwe akajibu kabla sijafumbua mdomo.

Ilikuwa saba. Nyumbani kwetu miezi ya mimba hupunguzwa mbele za watu, mwenye nia mbaya asijue siku ya kuvizia. Na mkwe gani humbishia mama mkwe hadharani? Nikapanda kitandani, nikafunua tumbo.

Daktari akapitisha kidude tumboni, akabonyeza, akakunja uso. Kichwa kikubwa mno kwa miezi mitano, akasema, akinionyesha namba kwenye kioo cha mashine. Huenda kimejaa maji. Twende hospitali ya Mbeya haraka.

Njiani kurudi nilimvuta kanga mama mkwe. "Mama, tumeidanganya mashine."

"Tuliwadanganya watu," alisema. "Mashine ilisikia ya nini?"

Nilijua miezi ile ni ya uongo, lakini je, kama na maji yapo kweli? Niliunguza ugali wa ulezi, nikamfokea kuku, nikatoka na kuingia mpaka majirani wakaniangalia. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikamnong'oneza daktari ukweli. Akapima upya.

"Kwa miezi saba, kiko sawa kabisa."

Nikachungulia kioo. "Mbona namba ya leo ni ndogo kuliko ya jana? Kichwa cha mtoto hupungua?"

"Ni mimi ninayeweka alama ukingo huu na ule wa fuvu, mama. Mashine inapima tu kati ya alama zangu. Na mtoto naye anageuka."

Nilitamani kumzaba kofi. Jana yote nilimlilia mwanangu kwa sababu ya kidole cha mtu.

Alizaliwa na kichwa cha kawaida. Majirani walipouliza umri wake, mwezi ulikuwa umeisha, mama mkwe akasema, "Wiki moja."

Leo ni mwanaume mwenye ndevu. Akiinama kuniamkia shikamoo, kiganja changu hutangulia kichwani pake, huzunguka taratibu.

"Mama, bado tu unapima?"

"Bado, mwanangu."